Sikukusudia kumgonga mtoto, lakini nilijua naumwa

Barua hii imetoka Tabora. Tumebadilisha mambo machache ili mwandishi na majirani zake wasitambulike.

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 27, dereva bodaboda hapa Tabora mjini. Safu yako huwa tunaisoma kijiweni tukisubiri abiria, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanabishana. Sikuwahi kufikiri nitaandika mimi. Naomba usitaje mtaa wangu.

Nina ugonjwa wa kuanguka. Ulinianza kidato cha pili, nikiwa bwenini. Mama alinipeleka hospitali nikaanzishiwa vidonge vya kumeza usiku, nikapewa na kadi ya kliniki. Vilinisaidia. Nilikaa miaka minne mfululizo bila kuanguka. Katika mtaa huu tuliohamia miaka mitatu iliyopita anayejua ni mama peke yake. Kijiweni hawajui, bosi mwenye pikipiki hajui, mchumba wangu hajui.

Mwaka jana nilipata pikipiki ya mkataba. Kila Jumamosi napeleka hesabu ya elfu sabini, na imebaki miezi mitano iwe mali yangu. Hela nzuri inapatikana usiku, kwa abiria wa treni na wa mabasi yanayochelewa. Sasa vile vidonge vinaniletea usingizi. Nikaanza kuruka siku moja, nikaruka mbili, mwisho nikaviacha kabisa. Nilijiambia nimeshapona. Mama akiniuliza nasema nimemeza.

Kabla ya kuanguka mimi husikia harufu ya mpira unaoungua, hata kama hakuna moto popote. Jumanne moja asubuhi, wiki tatu baada ya kuacha dawa, niliisikia nikiwa nimekaa juu ya pikipiki chini ya mwembe wa kijiwe chetu. Ilikaa kidogo ikapita. Mwenzangu akauliza mbona nimenyamaza, nikasema usingizi. Nikanywa chai na chapati mbili, akaja abiria, nikamchukua, nikamfikisha salama. Wakati narudi mtupu harufu ikaja tena, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kikaanza kucheza chenyewe juu ya mpini. Nakumbuka nikisema moyoni, nifike tu pale kwenye mwembe nipaki. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilizinduka niko kwenye mkeka barazani kwa watu, mdomo una damu kwa sababu walinitia kijiko. Nikaambiwa nimemgonga mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa anakwenda shule. Kavunjika paja. Mpaka leo yuko wodini, mguu umening'inizwa kwa kamba yenye uzito mwishoni. Nilikwenda mara moja tu. Alinitazama akauliza, "Wewe ndiye uliyelala kwenye pikipiki?" Nikashindwa kumjibu.

Baba yake ni fundi baiskeli, mtu mpole. Polisi walifika, ikaandikwa ajali, pikipiki iliyumba. Yeye akasema hataki kesi. Alinishika mkono akaniambia, "Kijana, hili si lako, hili limetumwa."

Hapo ndipo shida yangu kubwa ilipo. Siku moja kabla ya ajali nilimbebea bibi mmoja jirani gunia la mkaa. Tulikubaliana elfu mbili, yeye akanipa elfu moja, tukajibizana mbele za watu. Mwisho alisema, "Haya, Mungu anakuona, na wewe utaona." Ni bibi anayekaa na mjukuu wake tu, anauza karanga mlangoni, macho yake mekundu kwa moshi wa jikoni. Sasa wanasema nilipokuwa pale mkekani mtu aliniuliza, "Nani amekufanyia hivi?" nami nikamtaja yeye. Sikumbuki, Shangazi. Naapa sikumbuki. Lakini watu wanne wanasema walinisikia.

Mjomba wa mtoto akaenda kwa mganga nje ya mji. Ramli ikasema ni mwanamke mzee anayekaa upande wa machweo. Nyumba ya bibi iko upande huo. Wiki iliyopita bati lake lilipigwa mawe usiku. Watu wameacha kununua karanga zake. Juzi kijiweni vijana wakasema, "Yule inabidi tumshughulikie." Nilikuwepo. Nilikuwa nafuta kioo cha pikipiki na nikaendelea kukifuta.

Bibi mwenyewe, siku ya tatu tangu nianguke, alimtuma mjukuu wake na bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha: "Bibi anasema pole." Mama akanikataza kula. Usiku nikayala peke yangu, yote. Bakuli liko chini ya kitanda changu mpaka leo.

Mama anasema siri ya nyumba haitoki, na kwamba sikukusudia, basi. Nami najiambia hivyo hivyo: wakati namgonga yule mtoto sikuwepo. Je, mtu anabeba lawama ya jambo lililotokea akiwa hayupo? Nikisema ukweli mkataba umekwenda, mchumba amekwenda (kwao tunapeleka mahari baada ya msimu wa tumbaku), na pengine na jela inanisubiri. Nikinyamaza, sijui hata sentensi hii niimalizie vipi.

Dereva, Tabora

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuanguka, na pole kwa yote yaliyofuata. Barua yako nimeisoma jioni, nikaisoma tena alfajiri kabla ya chai, na mara zote mbili nilikwama pale ulipokuwa unafuta kioo.

Nianze na bibi, maana wewe na mimi tuna muda wa kutafakari, yeye sijui kama anao. Mawe yamekwisha fika kwenye bati lake. Watu wa Tabora na mikoa jirani tunajua hadithi za namna hii huishia wapi, na tunajua kwamba macho mekundu ya moshi yameshawaponza vikongwe wengi ambao kosa lao lilikuwa kupikia kuni maisha yao yote. Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi Januari 2015, na bado ramli zinapigwa. Kwa hiyo kabla hujamaliza kusoma jibu langu, jiulize nani anaweza kujua leo hii kwamba bibi huyo yuko hatarini. Mwenyekiti wa mtaa? Mtendaji wa kata? Polisi kata? Ndugu zake walioko mbali? Kumwambia mmoja wao kwamba "kuna vijana wanapanga kumdhuru bibi fulani" hakukulazimishi kueleza habari za afya yako. Vitisho dhidi ya maisha ya mtu ni jambo la polisi, awe amelogwa mtu au hajalogwa. Ninayatenganisha haya mawili makusudi, kwa sababu nadhani moyoni mwako yameungana: unaona kwamba ili umlinde bibi lazima kwanza uvue nguo zote barabarani. Huenda si lazima, kwa kuanzia.

Sasa swali lako. Umeuliza kama mtu anabeba lawama ya jambo lililotokea akiwa hayupo. Kwa zile sekunde ulizozimika nakuelewa kabisa. Mkono ulioachia mpini haukuagizwa na wewe. Sisi wenyewe kwa Kiswahili tunasema mtu "ameanguka," hatusemi "amejiangusha," na ndani ya neno kifafa mna kufa. Hata sheria inaliona hilo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema mtu hawajibiki kijinai kwa tendo lililotokea pasipo utashi wake, wala kwa tukio la ajali. Ila kifungu hicho hicho kinaanza kwa kuyaweka kando makosa ya uzembe, na nadhani wewe mwenyewe umeliona hilo, vinginevyo usingeniandikia habari za vidonge na harufu. Mtu anayeamini kwamba hakuwepo kabisa angeanza barua yake pale kwenye mkeka. Wewe umeanza bwenini.

Nilikulia Uyui kwenye boma la ng'ombe. Wachungaji walikuwa na desturi ya kuuliza, dume likimpiga mtu pembe: ni mara ya kwanza? Baadaye, nilipokuwa mwalimu wa shule, nikalikuta swali lile lile kwenye Kutoka 21, aya ya 28 na 29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akamuua, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alikuwa na mazoea ya kupiga pembe, na mwenyewe ameonywa, asimfunge, hesabu inabadilika. (Adhabu iliyoandikwa pale ni nzito mno, na siyo ninayoizungumza, nalitazama swali tu.) Pembe si za mwenye ng'ombe. Kamba ndiyo yake.

Kwa hiyo mimi ningekuomba uirudie siku ile polepole, usiibebe kama gunia moja. Uliposhika mpini na kidole kikaanza kucheza, ulikuwa na nafasi kiasi gani ya kusimama? Pengine hukuwa nayo. Uliwaza kupaki na hukufika. Asubuhi chini ya mwembe nafasi ilikuwepo. Ulinyamaza, ukanywa chai. Na wiki tatu nyuma, kila usiku, kulikuwa na kidonge na uamuzi. Sikurushii jiwe kwa hayo. Naona tu kwamba swali la kama ulikuwepo au hukuwepo lina majibu tofauti kwa saa tofauti, na wewe unalitaka jibu moja.

Hapo hapo nikuulize jambo la kukutetea. Ulijua nini hasa? Unasema "nilijua naumwa," lakini kuna kujua na kujua. Ulikaa miaka minne bila kuanguka. Mtu yeyote angeanza kuamini amepona. Je, kuna aliyekukalisha akakueleza kwamba miaka ile minne ilikuwa kazi ya dawa? Kwamba dawa za kifafa haziachwi ghafla, maana kuziacha ghafla kunaweza kurudisha degedege kwa nguvu kuliko mwanzo? Kwamba zikikulaza, daktari anaweza kupunguza kipimo au kukubadilishia? Na ile harufu ya mpira: madaktari watakwambia si onyo tu la kifafa kinachokuja, ni kifafa chenyewe kimeanza, kidogo, kwenye kona moja ya ubongo. Kama hukuwahi kuambiwa hayo, basi sehemu ya mzigo huu ina wenyewe wengine. Na kama uliambiwa ukayasukuma pembeni kwa sababu ya elfu sabini za Jumamosi, hilo nalo unalijua wewe. Kuna ujinga unaomkuta mtu na kuna ujinga ambao mtu anaukaribisha ndani kwa sababu unamfaa. Mimi kutoka hapa nilipo siwezi kuona wako ni upi. Nahisi una kidogo cha kila mmoja, kama wengi wetu.

Niseme neno juu ya jina ulilolitaja. Mtu akitoka kwenye kifafa akili yake hubaki kwenye ukungu, dakika kadhaa na wakati mwingine saa nzima na zaidi. Anaweza kuzungumza, hata kutembea, na asikumbuke. Na uliulizwa swali gani? "Nani amekufanyia hivi?" Swali hilo limekuja na jibu lake mfukoni, linalokosekana ni jina tu. Mtu wa mwisho uliyegombana naye alikuwa bibi, jina lake likawa la juu kwenye rundo. Ningeona taabu sana kuliita neno hilo lako. Lakini tazama limekuwa nini. Ndiyo ushahidi pekee walio nao, pamoja na ramli. Na watu wanne waliolisikia hawawezi kulifuta. Mganga hatalifuta. Ulimi ulioteleza haukuwa na wewe ndani, ila sasa umerudi ndani, na jina la bibi bado linatembea mtaani kwa idhini yako. Hapa natofautiana kidogo na mama yako, kwa heshima zote. Anasema hukukusudia, basi. Kwa ajali ya Jumanne ile nakubaliana naye kwa kiasi kikubwa. Ukimya wa kijiweni juzi hauwezi kukaa ndani ya neno hilo hilo. Huo uliufanya ukiwa macho, kitambaa mkononi.

Wala simlaumu mama yako. Amekaa na siri hii tangu uko kidato cha pili kwa sababu anajua jinsi watu wanavyomtendea mwenye kifafa: sahani yake peke yake, kikombe chake peke yake, binti wa watu anaondolewa. Wengi bado wanaamini povu linaambukiza. Haliambukizi. Kifafa hutokana na mambo kama kuumia kichwani, shida wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, minyoo ya nguruwe iliyoingia kwenye ubongo, na mara nyingi chanzo hakionekani kabisa. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu wapatao milioni 50 wanaoishi nacho, na linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi. Wewe ulikuwa kwenye asilimia hiyo, miaka minne. (Na kile kijiko: waambie wenzako wasirudie kwa mtu yeyote. Alazwe ubavu, aondolewe vitu vya kumuumiza, asubiriwe.) Ile methali ya mficha maradhi sitakutupia, najua umeshaisikia mpaka umechoka.

Tuje kwenye kusema. Umelipanga kana kwamba ni mlango mmoja: ukiufungua yote yanakwenda. Mimi naona milango kadhaa, na haina urefu sawa.

Wa daktari ndio mfupi zaidi. Rudi kliniki, na mpaka daktari aseme vingine, pikipiki ipumzike. Hapa tu ndipo nitakapokushika shati kidogo, kwa sababu ukipanda leo ukiwa na haya unayoyajua leo, huwezi tena kuniandikia kwamba hukuwepo. Najua maana yake ni Jumamosi bila hesabu. Uingereza wenye kifafa hutakiwa kukaa mwaka mzima bila kuanguka kabla ya kurudi kuendesha gari dogo. Hapa kwetu muulize daktari wako, asikuhurumie katika jibu. Kuhusu bosi, kuna mikataba ambayo mtu humpa mwenzake aendeshe kwa mgawo hadi deni liishe. Sijui bosi wako ni mtu wa namna gani. Unaweza kumwambia unaumwa na umekatazwa kuendesha, ukaona anavyopokea, kabla hujataja unaumwa nini.

Mlango wa baba wa mtoto ni mrefu zaidi. Amekusamehe, na msamaha wake ni wa kweli, lakini ameutoa kwa habari nusu. Amesamehe kijana aliyelogwa. Yule aliyesikia harufu akanywa chai hajakutana naye. Huenda ukimwambia atakusamehe tena, huenda akakunyima, na huenda mjomba akawa mkali kuliko yeye. Ungeweza kwenda na mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili, shehe au padri au mzee wa mtaa, badala ya kwenda peke yako. Kuna na upande wa fedha. Pikipiki ya biashara inatakiwa iwe na bima ya mtu wa tatu, na mtoto aliyevunjika paja barabarani ni mtu wa tatu hasa. Kampuni za bima zina masharti yao, siwezi kukuahidi kitu, lakini madai yakifia kwenye "tumeelewana kindugu" ni mtoto ndiye anayekosa. Kuhusu kesi, hatari ipo na sitaificha: kuendesha ukijua hali yako kunaweza kuitwa uzembe. Kabla hujaandika maelezo yoyote polisi, tafuta msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambuliwa rasmi, na msaada wao ni bure kwa asiye na uwezo. Mwambie yote kama ulivyoniambia mimi.

Mchumba nitampitia haraka, siyo kwamba ni mdogo. Utamwoa, utalala naye chumba kimoja. Siku moja usiku ataona. Swali ni kama atakuwa ameelezwa au atakuwa peke yake gizani na kijiko.

Mlango wa mtaa wote ndio unaokutisha zaidi, na hapo nina tahadhari moja. Usidhani ukisimama ukasema "nina kifafa" bibi amepona. Watakujibu, "Ndiyo, na hicho kifafa nani amekutupia?" Neno tupu linaweza kumzamisha zaidi. Lakini ulinitajia kitu ukakipita kama si kitu: una kadi ya kliniki. Ina tarehe. Ilianza ukiwa kidato cha pili, na mtaa huu mmehamia miaka mitatu iliyopita. Ulianza kuanguka kabla bibi hajajua kama upo duniani. Sijui mtu yeyote mwingine pale mtaani aliye na karatasi ya kumtoa bibi kwenye midomo ya watu. Iko kwenye kabati la mama yako, nadhani, ndani ya mfuko wa plastiki, kama kadi zote za mama zetu. Unaweza kuionyesha kwa mtu mmoja tu kwanza, baba wa mtoto au mwenyekiti, na yeye akawa ndiye wa kuwaambia vijana. Au unaweza kuona kwamba maneno hayo yana uzito yakitoka kwako wewe, pale pale kijiweni. Kila njia ina gharama yake, na atakayeilipa ni wewe, siyo mimi niliyekaa na kalamu. Ndiyo maana sikuchagulii.

Nusura nimsahau mtoto. Alikuuliza kama wewe ndiye uliyelala kwenye pikipiki. Mwanafalsafa mmoja Mwingereza, Bernard Williams, aliandika mwaka 1976 juu ya dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lake lolote. Alisema dereva huyo hataumia kama wanavyoumia waliokuwa wanatazama, na kwamba watu watamfariji, lakini wangemshangaa akifarijika upesi mno. Nilipenda sana alivyoliona hilo. Hata kama kesho mahakama, daktari, shehe na padri wote wangekuambia huna hatia hata chembe, bado wewe ndiye uliyekuwa juu ya pikipiki ile, na mtoto analijua hilo kuliko wote. Umekwenda mara moja. Mguu uliovunjika paja hukaa kwenye kamba wiki nyingi. Sidhani anahitaji falsafa, swali lake lilikuwa rahisi, "ndiye wewe?" na jibu lake ni fupi.

Ukiniandikia tena, nieleze bibi analala wapi siku hizi. Na lile bakuli usilisahau chini ya kitanda. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Hata chumvi kidogo huwekwa. Utaweka nini ndani yake, na utalipeleka saa ngapi, mchana watu wakiona au usiku, hilo unalijua wewe.

Shangazi